Nguo Nyeusi Kwenye Maharage

LaMavuso alikuwa amesimama nje ya uzio wa shamba lake mwenyewe, vidole vimeshika waya, anaangalia vidukari wakinyonya maharage yake. Hatua kumi tu. Wewe ungeingia, mimi ningeingia. Yeye hakuingia, kwa sababu ilikuwa wiki ya tano tangu mumewe azikwe, na mwanamke aliyevaa nyeusi haingii kwenye mazao yenye maua. Akiingia, maua yanapukutika. Hivyo ndivyo wanavyosema, na wanaosema hivyo ndio anaoishi nao boma moja.

Kabla hujaanza kutoa maoni yako, ngoja kwanza umjue.

Jina lake ni Bonakele, ila tangu aolewe hakuna anayelitumia. Ni LaMavuso, binti wa kina Mavuso, na ataitwa hivyo mpaka anaingia kaburini. Alikuja kuolewa huku juu, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka barabara ya Hlatikhulu, miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuja na mkeka, mablanketi mawili, na kopo la maziwa ya unga ambalo mama yake alikuwa amelijaza mbegu za maharage. Maharage makubwa, meupe yanayokaribia rangi ya maziwa, yana madoa ya zambarau kama yamemwagikiwa wino. Huyapati dukani. Ukiuliza sokoni Manzini watakuuzia mengine na kukuapia kwamba ni hayohayo. Mama yake alishafariki, na kule kwao shamba limekuwa msitu wa mikaratusi ya watu wa mbao. Kwa hiyo mbegu zile zilikuwa zimebaki kwa LaMavuso peke yake.

Kila mwaka alikuwa anabakiza robo ya kopo, ikitokea jambo. Mwaka huu mumewe, Velaphi Magagula, akamwambia panda zote bwana, mvua ipo, unaogopa nini. Akapanda zote. Hiyo ilikuwa Januari. Februari Velaphi akaanguka zizini asubuhi moja, mkono kifuani, na mpaka gari linapatikana alikuwa ameshakwenda.

Sasa umeelewa pale kwenye uzio alikuwa anaangalia nini. Kopo lilikuwa tupu. Kilichokuwa ardhini ndicho pekee kilichokuwepo.

Na wadudu yeye alikuwa anawajua. Kila Machi maharage yakianza kutoa maua wanakuja kwa zamu. Wanatangulia mbawakawa weusi wenye milia ya njano, hao kazi yao ni kula maua, na ua likishaliwa hakuna ganda, hakuna haragwe. Halafu vidukari, weusi, wadogo kama mbegu za ufuta, wanaanzia kwenye kunde za pembeni kisha wanahamia kwenye maharage, wanajazana kwenye ncha laini mpaka jani linajikunja. Dawa za dukani Velaphi hakuzitaka, alisema hawezi kula kitu ambacho chupa yake ina picha ya fuvu. Kwa hiyo walikuwa wanaingia wawili alfajiri, umande haujakauka, wakati mbawakawa ni wazito na hawawezi kuruka. Yeye anaanzia mwisho huu wa mstari, mumewe mwisho ule, kila mmoja na kopo la maji ya sabuni. Wanakutana katikati wanaonyeshana makopo.

"Mavuso, wewe unawaokota au unawasalimia?" Velaphi alikuwa anamwambia kila akimzidi idadi.

"Wa kwako wamekuja wenyewe, wamechoka na sura yako."

Miaka ishirini na sita ya hayo. Halafu ghafla gauni jeusi, kitambaa cheusi, shali nyeusi, kwa miaka miwili kamili. Sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Hapiti katikati ya uwanja, anazunguka nyuma ya nyumba. Hapazi sauti, anaongea chini kama mgonjwa. Dukani anasubiri pembeni mpaka wengine wote wahudumiwe, na watu wanachukua muda wao kweli. Kisimani anakwenda saa ambayo wengine wamesharudi. Binti yake anafanya kazi kiwanda cha nguo Matsapha, anapiga simu Jumapili, dakika tano, anauliza umekula nini mama, halafu salio linakata.

Mama mkwe wake, bibi LaZwane, alishapanga mambo tangu siku ya maziko. Shamba la maharage litaangaliwa na Tengetile.

Tengetile ni dada wa mwisho wa Velaphi. Alikuwa anauza mitumba Manzini, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na mifuko mitatu ya nguo na mdomo usiochoka. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni moja, anaogopa wadudu kuliko anavyoogopa polisi. Siku ya kwanza aliingia shambani amevaa mifuko ya plastiki mikononi, ameifunga kwa uzi.

"Wifi, hawa wananiangalia," alisema.

"Hawakuangalii," LaMavuso akamjibu toka upande wa pili wa waya. "Anza na kunde za pembeni."

"Huyu mwenye njano anauma?"

"Haumi. Usimponde tu."

"Nikimponda?"

"Utatoka malengelenge mkono mzima."

"Sasa hiyo si ndiyo kuuma, wifi? Mbona unanizungusha?"

LaMavuso alimwelekeza kila kitu. Maji ya sabuni yapitishwe chini ya jani, siyo juu, maana wao wanakaa chini. Majivu yazungushiwe shinani ili sisimizi wasipande.

"Sisimizi nao wamekosa nini?"

"Wanawafuga vidukari. Wanawalinda kama sisi tunavyolinda ng'ombe, halafu wanakunywa ule utamu wanaoutoa."

"Kumbe! Na mahari wanatoa?"

LaMavuso aliinamisha uso ndani ya shali. Aliyevaa nyeusi hacheki kwa sauti, na siku ile kidogo kicheko kimponyoke.

Siku tatu kazi ilikwenda. Si vizuri sana, lakini ilikwenda, na LaMavuso alianza kulala. Alikuwa na sababu ya kuamka pia, maana ile nusu saa ya kwenye uzio ndiyo ilikuwa nusu saa pekee kwa siku mtu anaongea naye.

Siku ya nne Tengetile alikuja na ari mpya. Hakuanzia kunde. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba, hatua kama arobaini kutoka kwenye uzio, mifuko mkononi, akaanza kuokota kwa kasi, anaimba. LaMavuso akakaza macho. Aliona vidole vya wifi yake vikitoa kitu kwenye ncha za majani, kitu kidogo cha mviringo, na kilikuwa chekundu.

Wale wekundu wenye madoa meusi hawali maharage. Wanakula vidukari. Mmoja anaweza kumaliza ncha nzima kwa siku, na watoto wake wanakula kuliko yeye. LaMavuso alikuwa amewaona wakianza kuja tangu wiki iliyopita na alikuwa anawasubiri waongezeke. Alikuwa amesahau jambo moja tu, kumwambia Tengetile.

"Tengetile," alisema.

Kwa sauti ile ya chini. Sauti ile haifiki hata mstari wa tatu.

"Tengetile!"

Hiyo ilikuwa ya chini vilevile, ila yenye machozi. Angepiga kelele moja tu, moja, yangeisha. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa uwanjani anapepeta mahindi, majirani wako njiani, na mjane wa wiki tano anayepiga kelele mashambani ni habari ya kufika mpaka kwa chifu. Akaokota kijiwe akarusha. Kikaanguka njiani. Akarusha kingine, hiki kikampata Tengetile mgongoni sawasawa.

Tengetile akaruka, akageukia miti. "Tumbili wapumbavu nyie! Ngoja niwaone!" Akawatukana tumbili ambao hawakuwepo, akarudi kwenye kazi yake.

Alipofika kwenye uzio alikuwa anang'aa kwa furaha, kopo kalishika juu.

"Ona! Leo nimeua mpaka wazazi wao."

Ndani ya kopo, juu ya maji ya sabuni, walikuwa wanaelea wale wekundu wote. Na kati yao vitoto vyao, vya kijivu, virefu, vyenye miba miba na madoa ya rangi ya chungwa.

"Hawa wa kijivu wana sura kama mamba," Tengetile akasema. "Nilivyowaona wamekaa palepale katikati ya vidukari, nikajua hapa ndipo kwa wazazi."

LaMavuso aliinamia kopo.

"Wifi, hao walikuwa wanawala vidukari."

"Nani?"

"Hao. Wekundu, na hao mamba. Ndio waliokuwa wanatusaidia."

Tengetile akaangalia kopo, akamwangalia wifi yake, akaangalia kopo tena. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuita."

"Ungeita kwa nguvu! Mtu anaitaje kama anaongea na mto wa kulalia?"

LaMavuso alishika pindo la gauni lake jeusi, akaliachia.  Tengetile akamwaga kopo pale pale na kuondoka bila kuaga.

Ukitaka kujua vidukari wanaongezeka kwa kasi gani wasipokuwa na wa kuwala, sihitaji kukupa takwimu. Kila mmoja anazaa bila dume, kila siku, na watoto wake wakishatimiza wiki nao wanazaa. Ndani ya siku sita kunde za pembeni zilikuwa zimekuwa nyeusi kama zimepakwa lami. Maharage yakaanza kujikunja. Maua yakawa yana ule utamu unaonata, na sisimizi wakaruka majivu kama hayapo. Tengetile alikuwa ameshakata tamaa, anapita mara moja kwa siku, anamwagia sabuni juu ya majani, anatoka.

Ndipo bibi LaZwane alipomwita.

"LaMavuso."

"Abee, mama."

"Unasimama pale kwenye uzio kila siku."

"Namwelekeza Tengetile, mama."

"Na kila siku wadudu wanazidi. Wewe huoni?"

"Mama, ni kwa sababu waliuawa wale wekundu, wale wanao..."

"Sikulaumu, mwanangu." Bibi alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliouma. "Mimi nimeivaa hiyo nguo miaka miwili. Naijua. Si kosa lako. Lakini macho yake yanafika mbali. Kaa nyuma ya nyumba, usisogelee uzio."

Sitaki umchukie bibi huyu. Alikuwa anajaribu kuokoa maharage. Alikuwa anajaribu kwa njia anayoijua, na njia yenyewe ilikuwa kumwondoa mtu pekee aliyejua la kufanya. Haya mambo yananichosha, lakini ndivyo yalivyo.

Kwa hiyo LaMavuso alikaa nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Hakuna aliyekuja kuongea naye, maana hapakuwa tena na sababu. Alikuwa anasikia kuku, anasikia redio ya jirani. Siku ya tatu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyokuwa akiamka enzi za Velaphi, akachukua kopo na chupa ya plastiki, akatoboa kizibo cha chupa kwa msumari, akavijaza vyote viwili maji ya sabuni ya kipande. Akapita nyuma ya zizi. Akainua waya wa chini, akajikunja, akaingia.

Nguo hakuivua. Kuivua kabla ya muda ni kosa kubwa kuliko kuingia nayo, na kwa Velaphi asingefanya hivyo. Aliikusanya akaifunga kiunoni.

Na usidhani aliingia kwa ujasiri. Yeye mwenyewe alikuwa anaamini nusu. Alisimama kwenye mstari wa kwanza bila kugusa kitu, anaangalia maua, anasubiri aone yatafanya nini. Ua moja likaanguka. Akageuka kukimbia, kisha akainama akaliokota. Kikonyo kilikuwa kimetafunwa. Akafunua jani, mbawakawa mwenye milia ya njano alikuwa amekaa pale, mzito kwa umande, mdomo bado unafanya kazi.

"Wewe," akamwambia, na kumtia kwenye kopo.

Kuanzia hapo alifanya kazi kweli. Ncha zilizokuwa zimeoza kwa vidukari alizikata kwa kucha na kuzizamisha. Zilizokuwa nafuu alizifunua moja moja akapulizia chini ya jani. Walioshikilia akawafuta kwa kidole gumba. Alifika katikati ya mstari akanyoosha mgongo, akasimama. Alisimama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akakumbuka kwamba hakuna anayekuja kutoka upande ule, akainama akaendelea na nusu iliyobaki.

Jua lilipochungulia alikuwa ameshatoka.

Mchana alifanya jambo lingine. Kwa kuwa anakwenda kisimani peke yake, na hakuna anayemuuliza kwa nini amechelewa, alikuwa anapita polepole kwenye magugu ya kandokando ya njia, yale yanayong'ang'ania pindo la nguo. Magugu yale huwa na vidukari wake, na penye vidukari wako wale wekundu. Aliwaokota mmoja mmoja akawatia kwenye kiberiti kitupu, na hata wale mamba wa kijivu aliwachukua na majani yao. Watu walimwona kwa mbali ameinama kwenye magugu, amevaa nyeusi, peke yake, anaongea na majani. Wakasema majonzi yamemfika kichwani. Wakabadilisha njia.

Alfajiri alikuwa anawafungulia kiberiti juu ya maharage yaliyozidiwa.

Siku ya tisa alikuwa mstari wa pili kutoka mwisho aliposikia mtu anapumua. Tengetile alikuwa amesimama nje ya uzio, pale pale alipokuwa akisimama yeye.

"Wifi! Toka! Toka huko!" Alikuwa ananong'ona, lakini mnong'ono wa Tengetile unasikika mpaka Manzini.

"Namalizia mstari."

"Umeingia mara ngapi?"

"Ya tisa leo."

"Yesu wangu! Na hiyo nguo? Na maua?"

"Njoo uangalie mwenyewe."

Tengetile hakutaka kuja, lakini macho yake yalikwenda. Ncha za maharage zilikuwa zimenyooka. Chini ya majani, pale ambapo maua yalikuwa yamenyauka, kulikuwa na maganda membamba ya kijani yananing'inia, mengi. Na juu ya majani wekundu walikuwa wanatembea kama wana haraka ya kwenda kazini.

"Yamefunga," Tengetile akasema.

"Yamefunga."

"Mama akijua yameshikwa na nyeusi hatakula. Hakuna atakayekula. Yatavunwa magunia na magunia, utayala wewe peke yako mpaka uzeeke."

"Hata sasa nakula peke yangu."

Tengetile akashika waya. 

"Tutasema ni mimi," akasema mwisho.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikosea mwanzo, nikajifunza, nikaanza kuamka mapema. Nani atabisha? Wewe uko nyuma ya nyumba, mama amekukataza mwenyewe." Akaongeza, "Na usinitolee macho hivyo. Nina haya na lile kopo mpaka leo."

Ningependa kukuambia LaMavuso alikataa. Alisema sawa. Alisema haraka, wala hakusimama kufikiri, kwa sababu maganda yalikuwa yameshafunga na alichokuwa anataka duniani ni yakomae, yakauke, yarudi kwenye kopo. Nani anasifiwa, hilo halikuwa kwenye orodha yake.

Yakakomaa. Mei yakavunwa. Tengetile akang'oa na kupiga kwa fimbo, LaMavuso akapewa fungu lake mwenyewe la kula, alipepete nyuma ya nyumba, na alipomimina ungo wa kwanza akaona madoa yale ya zambarau, akafunika uso kwa shali. Yalikuwa yametosha mbegu, yametosha kula, na ya ziada.

Chungu cha kwanza hupikwa kwenye nyumba ya bibi, ndiyo desturi, na ukoo wote hula pale kabla mtu hajapika kwake. Bibi LaZwane alipika na mahindi ya kukoboa, moto mdogo tangu asubuhi. Watu wakakaa uwanjani. LaMavuso alikaa kwenye mkeka wake nyuma ya ukuta, bakuli lake peke yake, na ukuta ule ni wa udongo, unapitisha kila neno.

"Haya maharage yana siagi ndani?" Huyo alikuwa LaSimelane, jirani wa chini aliyealikwa.

"Ni mkono wa Tengetile huo," bibi akasema. "Nyie mmemzoea kwa maneno."

"Tengetile, uje na kwangu basi. Vidukari wamenimaliza. Uliwafanyaje?"

"Aa, kazi ndogo tu. Niliwaokota."

"Wote?"

"Wote. Isipokuwa wekundu wenye madoa. Wale usiguse." Sauti ikapanda kidogo. "Watu wengi wanawaua wale kwa ujinga."

Nyuma ya ukuta LaMavuso alitafuna taratibu. Yalikuwa yameiva vizuri, ganda laini, ndani kama viazi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kisha bibi LaZwane akagonga kijiko kwenye chungu ili watu wanyamaze.

"Nimeamua jambo. LaMavuso bado ana safari ndefu na ile nguo, mwaka mzima na miezi juu yake. Tusimwongezee mzigo. Kuanzia sasa shamba la maharage ni la Tengetile. Mkono wake umekubaliwa pale. Na mbegu zikae kwake."

"Ni haki," mtu akasema. "Ni haki," wengine wakasema, midomo imejaa.

LaMavuso aliacha kutafuna. Alisikia kila mtu akiongea isipokuwa Tengetile. Alisubiri kama kuna atakayezunguka ukuta kuja kumuuliza yeye anasemaje. Angeweza kusimama na kusema ukweli, kwamba walichokula kimeshikwa na nyeusi kuanzia jani mpaka ganda. Nusu yao wangetapika palepale. Halafu magunia yangechomwa, mbegu na vyote. Akameza alichokuwa nacho mdomoni.

Siku iliyofuata, jua likielekea kushuka, Tengetile alikuja nyuma ya nyumba na ndoo imefunikwa kwa kanga ya mitumba. Akaiweka mlangoni, akarudi hatua tatu.

"Mbegu hizo. Zikae kwako."

"Mama kasema zikae kwako."

"Mama hajui ninachojua. Wifi, jana sikulala. Zilikuwa chini ya kitanda, nikawa nasikia kama zinatembea."

"Uliyala jana?"

Tengetile akaangalia kando. "Nilikuwa nakoroga tu. Nikampa mbwa."

"Na mbwa?"

"Yuko salama. Amerudi leo kuomba mengine."

LaMavuso akacheka, ya chini chini, mabega tu. Tengetile naye akaanza kutabasamu kisha akajizuia.

"Sikujua kama mama angesema vile," akasema. "Haki ya Mungu. Kama ningejua nisingesema ni mimi."

"Ungesema nini?"

 Tengetile akachora chini kwa kidole cha mguu. "Januari utanipa nipande. Shamba ni langu kwa mdomo tu, wewe unajua. Wadudu wakija utanionyesha."

"Nitakuonyesha nikiwa wapi? Uzio nimekatazwa."

"Basi utaingia alfajiri. Kama mwaka huu."

"Peke yangu."

"Mimi nitakuwa nje naangalia njia." Akasema haraka, "Kuingia siwezi nikiwa na wewe humo, wifi, nisamehe. Nina mpango wa kuolewa tena."

LaMavuso akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Kaa kidogo."

"Nimeacha sufuria motoni."

Nyumba ya Tengetile inaonekana vizuri kutoka pale, na hapakuwa na moshi. LaMavuso aliona hivyo, na Tengetile aliona kwamba ameona. Akasema haya wifi, ulale salama, akazunguka ukuta, hatua za haraka, halafu zikawa za kukimbia.

LaMavuso akafunua ndoo. Akatia mkono mpaka kwenye kifundo, akatoa haragwe moja akaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na tundu, dogo, la mviringo, limetobolewa safi kama kwa sindano. Wadudu wa ghalani walikuwa wameshaingia. Akasogeza mkeka karibu na mlango, penye mwanga uliobaki, akamimina konzi ya kwanza kwenye ungo, na kuanza kuchagua.